Kamera na Kishikwambi: Vijaribu Pamoja Kabla ya Kulipa

Mada iliyowasilishwa kwa walaji, wapiga picha na wafanyabiashara wa vifaa vya elektroniki jijini Dar es Salaam, katika maadhimisho ya Siku ya Haki za Mlaji Duniani



Siku hii ya tarehe 15 Machi ina asili yake. Tarehe kama hii mwaka 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alipeleka ujumbe kwa Bunge la nchi yake akizitaja haki nne za mlaji: haki ya usalama, haki ya kupewa taarifa, haki ya kuchagua na haki ya kusikilizwa. Leo tumeamua kuizungumzia haki ya pili, yaani haki ya kupewa taarifa, kwa kupitia jambo linaloonekana dogo: kuiunganisha kamera ya kidijitali na kishikwambi ili picha ionekane kwenye kioo kikubwa mara tu inapopigwa.

Neno kishikwambi liliingia katika nyumba nyingi za nchi yetu mwaka 2022, makarani wa Sensa ya Watu na Makazi walipobisha hodi wakiwa na vifaa hivyo mikononi. Tangu hapo kifaa hiki kimepata kazi nyingine nyingi, na mojawapo ni hii ya studio. Baadhi yenu mtajiuliza kwa nini mamlaka ya umma ishughulike na waya wa kamera. Jibu letu ni kwamba hasara ya mlaji haipimwi kwa ukubwa wa kifaa kilichomtia hasara.

Lalamiko moja

Tuanze na lalamiko lililofika mezani kwetu. Aliyelileta ameturuhusu tulisimulie bila kulitaja jina lake wala majina ya maduka. Ni dada anayewapigia picha za bidhaa wafanyabiashara wanaouza mtandaoni: viatu, vyakula, vitenge na batiki. Mteja wake mmoja, mama anayeshona magauni ya batiki, alimpa kazi ya magauni 40 kwa sharti moja: aione kila picha papo hapo kwenye kioo kikubwa, ili rangi ya gauni pichani isitofautiane na rangi ya gauni mkononi. Sharti hilo lilikuwa la haki. Mnunuzi wa mbali akipokea gauni la rangi nyingine, anayelaumiwa ni mshonaji.

Dada huyu alikopa kwenye kikoba chake. Kamera alikuwa nayo tayari. Akanunua kishikwambi katika duka moja la Kariakoo, waya katika duka la mtaa wa pili, na programu ya kuiongoza kamera akailipia mtandaoni kwa mwaka mzima. Siku ya kazi aliviunganisha vifaa vyake mbele ya mteja. Alama ya kuchaji ikawaka, picha haikufika. Baada ya saa moja na nusu ya kuchomoa na kuchomeka, mama wa batiki aliyakunja magauni yake, akaaga, akaondoka.

Kilichofuata wengi wenu mnakifahamu. Muuzaji wa waya alisema waya ni mzima kwa kuwa unachaji. Kasoro itakuwa kwenye kishikwambi. Muuzaji wa kishikwambi alisema kishikwambi ni kizima kwa kuwa kinaonyesha video. Kasoro itakuwa kwenye kamera. Fundi wa kamera alisema kamera ni nzima kwa kuwa inapiga picha. Wenye programu walimjibu kwa barua pepe kwamba orodha ya kamera zinazokubalika imewekwa wazi, na kila mteja hutarajiwa kuisoma kabla ya kulipa.

Tulipovipima vifaa hivyo ofisini kwetu tuligundua mambo mawili. Kwanza, waya ule ulikuwa wa kuchajia tu. Pili, tulipoweka waya mwingine, kishikwambi kiliitambua kamera na kuzionyesha picha zilizokuwa kwenye kadi, lakini programu iliyolipiwa haikuweza kuiongoza kamera ile, kwa kuwa toleo lake halikuwamo katika orodha. Kila muuzaji alikuwa amesema kweli kuhusu kipande chake. Hakuna aliyeulizwa kuhusu kazi nzima, wala hakuna aliyejitolea kuieleza.

Hapo ndipo lilipo fundisho la leo. Anayetaka kuiunganisha kamera na kishikwambi ananunua kazi moja inayofanywa na vitu vinne: kamera, njia ya kupitishia picha iwe ya waya au isiyo ya waya, kishikwambi, na programu. Kimoja kikikataa, vitatu vilivyobaki ni vizima lakini havina faida. Kwa hiyo vinapaswa kujaribiwa pamoja, na vijaribiwe fedha ingali mkononi mwa mnunuzi.

Je, kazi yako inauhitaji muunganiko huu?

Kabla ya kuzungumzia vifaa, tuulize haja yenyewe. Muunganiko huu una manufaa makubwa pale ambapo kamera imesimama mahali pamoja na kitu kinachopigwa picha kimetulia: bidhaa mezani, sahani ya chakula, nguo kwenye sanamu ya dukani, picha za pasipoti, picha za familia studioni. Mpiga picha na mteja hutazama kioo kimoja na kukubaliana. Aliyefumba macho huonekana, kola iliyopinda huonekana, kivuli kibaya huonekana, na marekebisho hufanyika kabla watu hawajatawanyika.

Kwa mpiga picha wa harusi anayekimbia kutoka meza kuu hadi mlangoni kumlaki bibi harusi, waya ni kero na hatari. Huyo anaweza kutosheka na kadi mbili nzuri za kumbukumbu. Muuzaji mwaminifu atamwambia hivyo. Asipomwambia, mnunuzi ajiulize mwenyewe: kazi zangu ngapi kwa mwezi zingekuwa bora kama mteja angeiona picha papo hapo? Kama jibu ni moja au hakuna, kifaa hicho kinaweza kusubiri.

Waya: umbo haliutambulishi uwezo

Waya wa kawaida wa USB una nyuzi za kupitisha umeme na nyuzi za kupitisha taarifa. Nyaya nyingine za bei nafuu zimetengenezwa bila nyuzi za taarifa. Kwa nje zinafanana kabisa na nyinginezo, na zinachaji vizuri, ila picha haziwezi kupita humo. Kipimo chake hakihitaji fundi. Chukua waya unaotaka kuununua, unganisha simu na kompyuta, kisha uchague kwenye simu ruhusa ya kuhamisha mafaili. Mafaili ya simu yakionekana kwenye kompyuta, waya unapitisha taarifa. Simu ikichaji tu na ruhusa hiyo isijitokeze, jaribu waya mwingine kwa simu ile ile na kompyuta ile ile. Huo wa pili ukikubali, ule wa kwanza mrudishie muuzaji.

Jambo la pili ni kasi. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 Umoja wa Ulaya unataka simu, vishikwambi na kamera za kidijitali zinazouzwa huko ziwe na tundu la kuchajia la aina ya USB-C. Hatua hiyo imeleta nafuu, kwa kuwa viwanda vinavyouza Ulaya ndivyo vinavyouza na kwetu. Hata hivyo, umbo la tundu halisemi lolote kuhusu kasi iliyomo ndani. USB 2.0 inapitisha hadi megabiti 480 kwa sekunde. USB 3 huanzia gigabiti 5, yaani zaidi ya mara kumi. Zote mbili zinaweza kukaa ndani ya tundu lile lile la USB-C. Mfano ulio wazi ni iPad za mwaka 2022: ile ya kawaida ya kizazi cha 10 ina USB-C yenye kasi ya USB 2.0, na iPad Pro ya mwaka huo huo ina USB-C inayofikia gigabiti 40. Mnunuzi anayetazama tundu tu hawezi kuzitofautisha.

Je, kasi hiyo ni ya lazima? Picha ghafi moja ya kamera ya kisasa inaweza kuwa na megabaiti 30, sawa na megabiti 240. Hata USB 2.0 itaifikisha kwa muda wa sekunde moja au zaidi kidogo. Kwa anayepiga picha moja moja za bidhaa, hilo linatosha, na hana sababu ya kulipa zaidi. Anayepiga picha kumi mfululizo za mtoto anayeruka ndiye atakayeona foleni.

Jambo la tatu ni urefu. Waya wa USB 2.0 usio na kikuza mawimbi haupaswi kuzidi mita 5, na kwa USB 3 inashauriwa usizidi mita 3 hivi. Anayeuziwa waya wa kawaida wa mita 10 kwa maelezo kwamba atatembea nao studio nzima ajiandae kuona muunganiko ukikatika katikati ya kazi. Waya mrefu wenye kikuza mawimbi ndani yake upo, na bei yake ni tofauti. Muulize muuzaji akuonyeshe mahali palipoandikwa.

Kishikwambi: kinaweza kuwa mwenyeji?

Katika kila muunganiko wa USB kuna mwenyeji na mgeni. Kompyuta kwa kawaida ni mwenyeji. Simu, kamera na flashi ni wageni. Ili kamera isomwe, kishikwambi lazima kiweze kuwa mwenyeji. Uwezo huo kwa lugha ya maduka huitwa OTG. Mfumo wa Android umeukubali tangu toleo la 3.1 la mwaka 2011, lakini si kila mtengenezaji ameuweka katika vishikwambi vyake, hasa vile vya bei ya chini kabisa.

Kipimo chake pia ni chepesi. Nenda dukani na flashi yenye picha mbili tatu, uichomeke kwenye kishikwambi kwa adapta inayofaa. Picha zikifunguka, kishikwambi kinaweza kuwa mwenyeji. Zisipofunguka, omba kingine. Kwa iPad za zamani zenye tundu la Lightning, itahitajika adapta maalumu ya kamera, na gharama yake iingizwe katika hesabu tangu mwanzo.

Kumbukeni vilevile umeme. Vishikwambi vingi vina tundu moja tu. Tundu hilo likishikwa na waya wa kamera, chaji haina pa kuingilia. Kwa kazi ya saa nyingi mtahitaji kigawanyi cha USB kinachopokea umeme wa chaja na wakati huo huo kupitisha taarifa. Hiki nacho kijaribiwe pamoja na vingine, kwa kuwa kinaongeza kiungo kingine katika mnyororo.

Anayenunua kishikwambi kilichotumika ahakikishe mwenye awali ameiondoa akaunti yake mbele ya macho yake. Kikizimwa na kufutwa, kisha kikadai neno la siri la mtu mwingine, fedha imepotea.

Programu: soma orodha kabla ya kulipa

Watengenezaji wakubwa wa kamera hutoa programu zao bila malipo: Canon wana Camera Connect, Nikon wana SnapBridge, Sony wana Creators' App, na Fujifilm wana XApp. Kwa kamera zinazokubalika, programu hizi huwezesha kuitazama picha, kubonyeza kitufe cha kamera kwa mbali, na kuhamishia picha kwenye kishikwambi. Zina mipaka yake. SnapBridge, kwa mfano, inapohamisha picha yenyewe hutuma nakala ndogo ya megapikseli 2. Hiyo yatosha kwa kuonyesha na kutuma kwenye simu, wala haitoshi kwa bango.

Ziko pia programu za kulipia, kama vile Capture One iliyotoa toleo lake la iPad mwaka 2022. Hizi hukubali picha ghafi na kumpa mpiga picha uwezo wa kurekebisha rangi papo hapo. Nyingi huuzwa kwa ada ya mwezi au ya mwaka, na malipo hujirudia yenyewe hadi mteja ayasitishe.

Ushauri wetu kwa programu ni wa aina tatu. Kwanza, tafuta jina kamili la kamera yako, pamoja na namba na herufi zake, katika orodha ya kamera zinazokubalika kwa njia unayoitaka. Ipo kamera inayokubalika kwa waya na kukataliwa bila waya, na kinyume chake. Pili, anza na programu ya bure ya mtengenezaji wa kamera, huenda ikakutosha. Tatu, ukilazimika kulipa, lipa mwezi mmoja kwanza, na uiandike tarehe ya kusitisha mahali utakapoiona. Dada wa batiki angelipa mwezi mmoja, angepoteza sehemu ndogo tu ya alichopoteza.

Bila waya: bando halihitajiki, subira inahitajika

Kamera nyingi za miaka ya karibuni hutengeneza mtandao wao wenyewe wa Wi-Fi, na kishikwambi hujiunga nao. Mtandao huo hauhusiani na intaneti. Picha hutoka kwenye kamera hadi kwenye kishikwambi bila kutumia bando hata kidogo. Kwa sababu hiyo hiyo, kishikwambi huweza kukuonya kwamba mtandao huo hauna intaneti na kukuuliza kama ungependa kuuacha. Chagua kubaki. Wengi hudhani hapo kamera imeharibika.

Intaneti inahitajika kabla ya kazi: kupakua programu, kuthibitisha malipo na kupata maboresho. Hayo yafanyike nyumbani. Anayeyaacha hadi afike shambani au ufukweni, ambako mawasiliano ni hafifu, anaiweka rehani siku nzima ya mteja.

Kuhusu kasi, tufanye hesabu pamoja. Tukichukulia kwamba mtandao unapitisha megabiti 20 kwa sekunde, picha ghafi ya megabaiti 30 itachukua sekunde 12, na picha 100 zitachukua dakika 20. Picha ya JPEG ya megabaiti 8 itachukua sekunde 3 hivi, na picha 100 zitachukua zaidi kidogo ya dakika 5. Ndiyo maana wapiga picha wengi huacha picha ghafi ibaki kwenye kadi, na kupeleka JPEG tu kwenye kishikwambi. Wi-Fi ya gigahezi 5 ina kasi kuliko ile ya gigahezi 2.4, lakini haivuki kuta vizuri. Katika jengo lenye maduka mengi, ambamo kila duka lina mtandao wake, ile ya 2.4 hujaa haraka.

Siku ya kazi

Tunaongeza mambo matatu ya tahadhari, kwa kuwa gharama za kuyapuuza humwangukia mlaji mwenyewe. La kwanza: usipige picha bila kadi ndani ya kamera, hata kama picha zinaonekana kwenye kishikwambi. Muunganiko ukikatika, kadi ndiyo shahidi pekee. Angalia katika mipangilio kwamba picha zinahifadhiwa kwenye kadi.

La pili: ulinde mdomo wa waya. Mtu akijikwaa, nguvu yote hufikia tundu la kamera, na tundu hilo kwa kamera nyingi limeungwa kwenye bodi ya ndani. Matengenezo yake yanaweza kuzidi bei ya waya mara nyingi. Ufunge waya kwenye mguu wa stendi ili ndio uvutwe kwanza, uacheni ulegee karibu na kamera, na mchague wenye rangi inayoonekana sakafuni.

La tatu: mwanga wa kioo hudanganya. Kioo kilichoongezwa mwanga hadi mwisho huifanya picha ya giza ionekane nzuri. Zimeni marekebisho ya mwanga yanayojiendesha na yale ya kupunguza rangi ya bluu nyakati za usiku, kisha mlinganishe kioo na bidhaa yenyewe iliyo mezani.

Picha za watu ni taarifa zao

Sasa tunawageukia ninyi mnaokaa mbele ya kamera. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi. Nchi yetu inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Picha inapohamia kwenye kishikwambi, inaweza kuendelea na safari bila mtu kuiamuru, kwa kuwa vishikwambi vingi vimewekwa kunakili kila picha kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Mnayo haki ya kumuuliza mpiga picha: picha zangu zitakaa wapi, kwa muda gani, na nani mwingine anakitumia kishikwambi hiki? Kama kishikwambi ni kile ambacho watoto wa nyumbani huchezea michezo jioni, picha za kliniki au za mtoto wenu hazina haki ya kukaa humo. Nanyi wapiga picha, zimeni unakili huo wa moja kwa moja, badilisheni neno la siri la Wi-Fi ya kamera lililotoka kiwandani, na mfute kishikwambi kikamilifu kabla ya kukiuza.

Kusudi, jaribio na risiti

Tumefika kwenye sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kusudi mahususi la bidhaa, huku akiutegemea ujuzi wa muuzaji huyo ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, bidhaa inapaswa kulifaa kusudi hilo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji katika biashara. Ulinzi huu una nguvu kwa aliyesema. Anayeingia dukani, akataja jina la kishikwambi, akalipa na kutoka, amejinyima mwenyewe sehemu ya ulinzi huo, kwa kuwa hakumpa muuzaji nafasi ya kusema kwamba hakitafaa.

Kwa hiyo tunawaomba mfanye hivi. Nendeni dukani na kamera yenu, betri ikiwa imejaa na kadi ikiwa ndani. Semeni kwa maneno kamili: nataka kamera hii ioneshe picha kwenye kishikwambi hiki, kwa waya huu, kwa programu hii. Ombeni mjaribu hapo hapo kaunta. Pigeni picha kumi. Zikifika zote, chomoeni waya na kuuchomeka tena, mpige nyingine. Kisha ombeni risiti ya EFD, na karatasi ya dhamana iandikwe toleo la kifaa, namba yake na kusudi mlilolitaja. Sentensi moja yatosha: "Kwa matumizi na kamera ya mteja." Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tunaongeza kwamba lalamiko bila risiti hupotea vivyo hivyo.

Kama muuzaji hakubali jaribio, mna haki ya kuchagua duka jingine. Na lile tangazo la ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi halimwondolei muuzaji wajibu wake kwa bidhaa yenye kasoro. Tatizo likitokea, anzeni kwa muuzaji, kwa maandishi, mkieleza mlichonunua, siku, kasoro na mnachokidai. Asipojibu au asiporidhisha, leteni nakala kwetu pamoja na kifaa.

Ndugu wafanyabiashara, jambo hili lina faida kwenu pia. Duka lenye flashi moja, kamera moja ya majaribio na dakika kumi za subira litapunguza wanaorudi na hasira, na litaongeza wanaorudi na wenzao.

Mtapenda kujua mwisho wa lile lalamiko. Waya ulibadilishwa, kwa kuwa dada alikuwa na risiti na kasoro ilithibitika. Kishikwambi hakikurudishwa, kilikuwa kizima, na hakukuwa na andiko lolote kwamba muuzaji aliambiwa kusudi lake. Ada ya programu haikurejeshwa, ila tulimwelekeza jinsi ya kuuzuia mwaka wa pili usikatwe. Leo anatumia programu ya bure ya mtengenezaji wa kamera yake, bila waya, akipeleka JPEG kwenye kioo na kuziacha picha ghafi kwenye kadi. Kazi inakwenda. Mkopo wa kikoba ameumaliza. Mama wa batiki hakurudi.

Hilo la mwisho hakuna mamlaka inayoweza kumrudishia. Dakika kumi za kaunta zingemlindia, na ndiyo sababu tumewaita hapa leo.

Sasa tunakaribisha maswali, na aliyekuja na kamera yake asogee meza ya mbele tuijaribu pamoja.